Uliza Fundi: Rangi inavimba, kibaraza kimepasuka, na kaka zangu wanataka geti

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja ya mbele ya nyumba, kuta za nje, vibaraza, mageti, maua, mataa. Nimechukua machache tu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu nusu ya walioandika wana tatizo hilohilo, ila wao wanauliza rangi gani inapendeza.

"Shikamoo fundi. Baba alituachia nyumba ya Kiswahili huku Temeke, vyumba sita, korido katikati na kibaraza mbele. Mimi ndo naishi hapa na watoto. Ukuta wa mbele rangi inavimba kuanzia chini mpaka karibu na dirisha alafu inabanduka, nimepaka upya na imerudi vilevile. Sakafu ya kibaraza nayo imepasuka. Kuna fundi kaniambia nibandike taili ukutani mita moja kwenda juu, eti nitakuwa nimeficha kila kitu na nyumba itang'aa. Kaka zangu wao wanasema tuvunje kibaraza tujenge ukuta na geti kubwa kama majirani. Hela niliyonayo haitoshi vyote. Nianze na nini?" — Mama wawili, Temeke

Marahaba mwanangu. Taili usibandike, tulimalize hilo kabla huyo fundi hajarudi na tepu yake. Rangi yako haivimbi kwa sababu ni mbovu, inavimba kwa sababu nyuma yake kuna maji na hayo maji yanatoka chini ardhini. Nyumba nyingi za zamani za Dar msingi ulinyanyuliwa bila kuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, kwa hiyo tofali linanyonya maji kama utambi wa chemli, yanapanda nusu mita, mita, yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, na ile chumvi ndo inayosukuma plasta na rangi itoke. Bandua kipande kimoja cha rangi alafu pitisha kidole gumba pale kwenye plasta, ukiona unga mweupe umebaki kidoleni na plasta inamomonyoka bila hata kutumia kucha basi jibu umeshalipata. Sasa ukiweka taili unaziba pale maji yalipokuwa yanatokea, na maji hayatarudi chini eti kwa kuona haya, yatapanda zaidi, utakuja kuona unyevu umehamia juu ya taili usawa wa dirisha na taili zenyewe ukizigonga zinalia puu, ndani patupu.

Kama bado unabisha, au kaka zako wanabisha, tafuta kipande cha nailoni (si mfuko wa dukani, hiyo ilipigwa marufuku 2019, nasema nailoni ya kufunikia), kibandike kwenye ukuta mkavu kwa gundi ya karatasi pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili tatu. Jasho likitokea upande wa ndani unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Likitokea nje tu, hiyo ni hewa ya Dar na unyevunyevu wake.

Alafu simama barabarani uitazame nyumba vizuri. Je, mtaa uko juu kuliko kibaraza? Mitaa mingi ya kwetu kila ikichongwa kinamwagwa kifusi kingine juu, mwisho nyumba iliyojengwa na ngazi mbili za kupandia sasa unashuka kuingia. Na bati lako limetokeza kiasi gani? Kama halina gata, maji ya paa lote la mbele yanadondoka mstari mmoja kwenye mchanga, yanaruka na matope, yanapiga ukuta. Hapo una maji ya chini na maji ya pembeni yanakutana palepale dirishani, na mwenye kupewa lawama ni muuza rangi.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza inakwenda kwenye gata la upande wa mbele na bomba la kushushia maji, lisiishie kwenye kona ya nyumba, yapelekwe kwenye mtaro au kwenye pipa ufulie. Hela ya pili ni kumwaga zege jembamba kuzunguka ukuta wa mbele, upana kama mita moja, liwe na mteremko wa sentimita 2 au 3 kwenda nje, mwambie fundi amwage maji ya ndoo mbele yako kabla hujamlipa, yakituama popote hajamaliza. Hayo mawili hayaonekani kwenye picha na hakuna jirani atakayekusifia, lakini bila hayo kila kitu utakachofanya baadae unakirudia.

Baada ya hapo kwangua plasta yote iliyooza, usiishie pale doa linapoishia, panda sentimita 40 au 50 zaidi kwa sababu chumvi imeshatangulia. Acha ukuta uchi upumue wiki kadhaa. Ndo maana kazi hii usiianze Machi, masika yatakukuta ukuta uko wazi, anza Juni mvua zikishakatika, una mpaka Septemba kabla ya vuli. Plasta mpya ipigwe na mchanga usio na chumvi (mchanga wa pwani usikubali hata kama unaletewa bure), imwagiwe maji siku saba, na isipakwe rangi kabla ya siku 28 kupita. Mafundi rangi hawapendi kusikia hizo siku 28 kwa sababu wanataka kulipwa Jumamosi. Plasta mbichi ina ukali unaokula rangi, sisemi ili kukuchelewesha.

Rangi tumia ya maji ya nje, si ya mafuta. Najua nyumba zetu nyingi zina ule mkanda wa chini wa rangi ya mafuta, kijani au kahawia, na wazo la mkanda ni zuri sana maana matope yakiruka hayaonekani, mimi nitakwambia uubakize, ila uwe wa rangi ya maji iliyokoza, ya mafuta inaziba ukuta na unarudi kulekule kwenye kuvimba. Juu weka rangi ya maziwa au njano iliyofifia, nyeupe kabisa kwa vumbi la Temeke utaijutia. Na usiuziwe ndoo ya lita 20. Ukuta wa mbele kama ni mita 10 kwa 3 ukitoa mlango na madirisha unabaki na mita za mraba kama 25, mikono miwili ni 50, lita moja kwenye plasta ya kawaida inakwenda mita 7 au 8 hivi, galoni mbili za lita 4 zinatosha na kidogo kinabaki cha kurekebishia.

Kibaraza sasa. Kigonge kwa mpini wa nyundo, sehemu zinazolia tupu zibomoe, zilizokaza ziache, ufa upanue kwa tindo kidogo ujazwe. Alafu kipigwe sakafu mpya yenye mteremko kutoka mlangoni kwenda nje, na niru ya simenti yenye oksaidi nyekundu juu yake. Ile sakafu nyekundu ya bibi zetu watu wameiacha wakakimbilia taili za sebuleni zinazoteleza, mvua ikipiga kibarazani mgeni anafika amelala chali. Nyekundu inapigwa deki, inang'aa, haitelezi sana, bei yake ndogo. Ukibakiwa na tofali chache jenga kiti cha kukalia kando ya ukuta, kimo sentimita 45, upana 50, na ukingo wake uwe wa mviringo usiwakwaruze watoto magoti.

Kuhusu kaka zako. Ukuta wa mbele una kibali chake manispaa, na kabla ya kibali mtu apime kama hamtaingia kwenye hifadhi ya barabara, nimeona kuta nzuri kabisa zikipigwa alama ya X nyekundu. Lakini kikubwa ni kwamba nyumba ya vyumba sita ya Kiswahili imejengwa ikiangalia mtaa, mbele yake ni kibaraza, ukikivunja na kuweka ukuta wa futi nane unabaki na korido yenye giza na joto, upepo hauingii, na kutoka nje inaonekana kama stoo. Kama hofu ni wezi, tia grili nzuri kwenye kibaraza chenyewe, au ukuta mfupi wa kiunoni na juu yake matofali ya matundu yanayopitisha hewa.

Na samahani kwa kuingilia yasiyonihusu, umeandika baba "alituachia", wingi. Kama mirathi haijafunguliwa, maliza na kaka zako hilo kwanza, kwa maandishi, kabla hujazika hela yako kwenye ukuta wa watu wote.

"Assalam alaykum fundi. Sie tupo Mji Mkongwe, mbele ya nyumba lipo baraza la mawe, chokaa yake imemomonyoka mno. Mume wangu ataka apige simenti yaishe. Na mlango wetu wa kuchonga umepauka, yeye ataka aupige vanishi ung'are, na juzi kaja mtu kauulizia, asema atatupa pesa nzuri tuweke mlango mpya. Jee, waonaje?" — Mke wa mtu, Unguja

Wa alaykum salaam dada. Mwambie shemeji asubiri kidogo na hiyo simenti.

Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, ukuta wake mnene unavuta maji na kuyatoa, unavuta na kuyatoa, mwaka mzima. Chokaa inaruhusu hilo. Simenti hairuhusu, ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inaweka ganda juu, maji yanabaki ndani, jiwe linaoza taratibu huku nje panaonekana pamesimama vizuri, alafu siku moja ganda linadondoka bapa zima na kipande cha jiwe kikiwa kimeng'ang'ania nyuma yake. Umeshaona hivyo vidonda kwenye vichochoro, sina haja ya kukueleza, vingi ni simenti ya miaka ya karibuni kwenye ukuta wa zamani.

Tafuta fundi wa chokaa, wapo, wazee wengi lakini wapo na vijana waliojifunza kwao. Chokaa iwe imelowekwa muda mrefu, si ile ya mfuko iliyochanganywa asubuhi ikapigwa mchana. Baraza lisuguliwe vumbi lote litoke, liloweshwe maji kabla, chokaa na mchanga vipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kivulini, wafunike na magunia mabichi jua lisiikaushe kwa pupa. Juu yake mnapaka chokaa nyepesi ya maji mikono mitatu minne, na hiyo mtakuwa mnairudia kila baada ya mwaka au miwili. Shemeji atasema hiyo kazi haishi. Kweli haiishi, ila kila mara ni ndoo na brashi, wakati simenti ikiharibu jiwe unaita wajenzi.

Mlango usiuze, na nakuomba nisikie umeniitikia. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na milango ile ni sehemu ya majengo, hata kubadilisha baraza au dirisha la mbele inabidi mpite Mamlaka ya Mji Mkongwe mpate ruhusa, sembuse kung'oa mlango. Huyo aliyekuja kuuliza anajua thamani yake kuliko nyinyi, ndo maana kaja yeye na hamkumfata nyinyi.

Vanishi ya kung'aa kwenye mlango unaopigwa na jua na chumvi ya bahari inapasuka magamba, kuikwangua kwenye nakshi ni mateso ya mwezi. Safisha nakshi kwa brashi laini kavu, ile ya viatu iliyochakaa inafaa sana, ingia kwenye kila ua na kila mnyororo wa fremu. Alafu paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, kidogo sana, ufute yaliyobaki, urudie wiki ijayo. (Vitambaa vya mafuta hayo msivikunje mkaviacha kwenye kikapu, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, vianikeni uwanjani vikauke.) Vile vichwa vya shaba visugue kwa ukwaju na chumvi kidogo, ufute kwa kitambaa kibichi hapohapo ukwaju usikae kwenye mbao. Mlango utakuwa mweusi wa kutulia, hautang'aa kama meza ya hoteli, na hivyo ndivyo unavyotakiwa.

"Sasa fundi, mimi nimepanga chumba Kisauni, Mombasa, kwa plot ya watu wanane. Landilodi hataki nipige hata msumari. Lakini mlango wangu unaangalia geti na kila mgeni anaona ndoo na viatu. Naweza fanya nini bila vita?" — Mpangaji

Poa sana. Viatu kwanza, rafu ya mbao ya ngazi tatu isiyopigiliwa ukutani inamaliza nusu ya shida. Ndoo za rangi za lita 20 zisizo na kazi ziombe kwa mafundi, toboa matundu chini, zipake zote rangi moja, hiyo ya rangi moja usiipuuze kwa sababu ndoo tatu za rangi tatu na maandishi ya kiwanda bado ni ndoo tu. Panda mrehani moja, asmini moja ipande kwenye kamba, na mshubiri kwa ile inayopigwa na jua. Kisahani cha chini ya ndoo kimwage na kukisugua kila wiki, mbu wa dengi anazaliana kwenye maji kidogo ya namna hiyo na wapangaji wenzako wanane watakukumbuka kwa hilo tu. Mkeka mlangoni, basi. Usinunue kitu ambacho huwezi kuhama nacho.

"Habari fundi. Dodoma hapa, nimemaliza nyumba na nataka mbele yote kutoka geti mpaka mlangoni niweke pevin, nimechoka na vumbi. Mke wangu anataka miti. Nani yuko sahihi?" — Kaka wa Dodoma

Shemeji yangu, yaani mkeo, yuko sahihi zaidi, na sisemi kwa woga. Pevin uwanja mzima kwa jua la Dodoma ni kujiwekea kikaango mlangoni, jioni saa mbili bado panatoa joto. Na mvua yenu inakuja msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ikija inakuja kwa hasira, ikikuta uwanja wote umefungwa inakimbilia kwa jirani wa chini au inarudi kwenye msingi wako. Weka pevin njia ya gari na njia ya miguu tu, ziteremke kuelekea kwenye udongo, zisielekee ukuta. Kwingine mwaga kokoto au panda ukoka sehemu ndogo unayoweza kuimwagilia. Miti, mwarobaini mmoja upande wa magharibi uupe mita 5 au zaidi kutoka msingi, kivuli chake saa tisa alasiri utanishukuru. Miashoki ile mirefu inayosimama kama askari inapendeza pembeni ya ukuta na haichukui nafasi, ila usitegemee kivuli, ni mapambo. Vumbi litapungua, halitaisha, Dodoma ni Dodoma.

"Jambo fundi. Mimi ni Mukongomani, niko Columbus, Ohio, tulinunua nyumba ya zamani ya mbao, iko na baraza ya mbao mbele, rangi yote inatoka. Nataka kuikwangua mimi na watoto wikendi, kisha nijengee kiti cha simenti kama kwetu Uvira. Iko sawa?" — Papa Furaha

Jambo papa. Watoto waache ndani, tena mbali. Nyumba yako kama imejengwa kabla ya 1978 ichukulie kwamba rangi ya zamani ina risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki) mpaka vipimo vikwambie vinginevyo, mwaka huo ndo Marekani ilikataza rangi ya risasi kwenye nyumba za kuishi. Vumbi lake likiingia mdomoni kwa mtoto linaharibu ubongo, si mchezo. Kabla hujagusa kitu pimisha, idara ya afya ya mji watakuelekeza. Ikikutwa risasi usisugue kavu na usitumie mashine ya kusugulia, na ukimlipa mkandarasi sheria ya huko inamtaka awe na cheti cha kazi hiyo, mwombe akuonyeshe.

Kiti cha simenti kinawezekana ila kwenu ardhi inaganda wakati wa baridi na inanyanyua kila kitu kisicho na msingi wa kina, kwa hiyo uliza ofisi ya ujenzi ya mji msingi ushuke kiasi gani, au ujenge tu benchi nzito ya mbao ukutani, kukaa ni kulekule. Na kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba soma kanuni zao kwanza, wengine wanaamua hadi rangi ya mlango.

"Fundi nimeweka taa nne nyeupe kali mbele ya nyumba, Bukoba, pazuri kama mchana, lakini wadudu wanajaa mpaka mlango haufunguki na jirani anasema simwachi alale. Nifanyeje?" — Mwenye taa

Kaka, wewe mtu wa Bukoba unashangaa wadudu kufata taa nyeupe kali? Si ndo taa hizohizo watu wanafunga juu ya mabati na mapipa kukamatia senene, wale panzi wa kuliwa! Toa tatu. Ibaki moja mlangoni, ya mwanga wa manjano, kwenye boksi tafuta palipoandikwa 2700K au 3000K (namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano zaidi), hiyo uliyoweka naamini ni 6500K. Wadudu wanaipenda kidogo sana ya manjano, na ukuta wako utaonekana una rangi yake, kwa sababu taa nyeupe inafanya kila nyumba ifanane na kituo cha mafuta. Iweke chini ya kofia inayoangalia sakafuni isimulike dirisha la jirani, na geti lipe ka sola kadogo kanakowaka mtu akipita. Zile tatu ulizozitoa usizitupe, Novemba msimu wa senene ukifika kafunge nyuma ya nyumba na pipa chini yake, na jirani mpelekee sahani ya kwanza.